Tuache kuwauliza maarusi "Bado?"

Siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikinywa kahawa chungu baada ya sala ya Isha. Mara nikawaona akina mama watatu waliojifunika buibui wakija upande wangu. Mwendo wao ulinijulisha kwamba hawakuja kutembea tu. Mmoja alikuwa mkwe wangu, yaani mama wa kijana aliyemuoa binti niliyemlea. Wa pili alikuwa ndugu yake, na wa tatu ni somo wa nyumba yao, bibi wa makamo mwenye ulimi mwepesi.

Niliwakaribisha ndani, na mke wangu akawatilia kahawa na kuwaandalia halwa. Tulipokwisha kujuliana hali, mkwe akatengeneza mtandio wake akasema:

"Bwana, sisi tumekuja kwa wema. Mtoto wako yuwaingia mwaka wa tano nyumbani kwetu na hatujaona kitu. Kila nipitapo watu waniuliza, 'Bado?' Nami sina la kujibu. Twataka umkalishe kitako umuulize. Kama ni maradhi, tumtibu. Kama ni ukaidi, basi mwanangu ni kijana, na sheria imempa nafasi."

Neno "nafasi" alilitamka polepole, na sote chumbani tulifahamu kwamba ni nafasi ya mke wa pili. Mke wangu aliinua sinia la vikombe akatoka. Mimi niliahidi kumwita binti huyo niseme naye. Wakaridhika, wakatuombea dua, wakaenda zao.

Usiku ule sikupata usingizi. Maneno yale hayakuwa mageni kwangu. Niliyasikia, karibu neno kwa neno, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika chumba kile kile, yakisemwa na mama yangu mzazi juu ya mke wangu. Na katika kesi ile ya kwanza mwenye ila nilikuwa mimi, nami nikanyamaza.

Leo nataka kuieleza habari hiyo, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Mke wangu aliniambia, "Andika, huenda ikamfaa mtu. Lakini jina langu usilitie." Kwa hivyo msomaji atanisamehe akiona sikumtaja mtu yeyote wa jamaa zangu kwa jina.

Nyumba zilizojaa

Mimi nilizaliwa mwaka 1957. Nyanya yangu mzaa baba alizaa watoto kumi na mmoja, akazika watano. Kila baada ya sala ya Alfajiri alikuwa akiwataja wote katika dua yake, na waliokufa aliwataja kwanza. Nyumba yetu haikuwa na mahali pa kutia mguu. Tulilala mikekani tukiwa tumepangana kama samaki, na mtoto wa mama huyu akinyonya kwa mama yule, mpaka ikabidi wazee waweke hesabu ya nani na nani ni ndugu wa kunyonya wasije wakaoana.

Katika nyumba ile hakuna mume na mke waliokaa wakaulizana, "Je, tuzae au tusizae?" Swali hilo halikuwako. Mtu aliolewa, akazaa, akazaa tena, mpaka uzazi ukakoma wenyewe. Watoto walikuwa fahari ya mji, mikono ya kazi, akiba ya uzeeni na dua baada ya mauti. Na kwa kuwa kifo kilikuwa karibu sana na susu, aliyetaka kubaki na watano alikuwa hana budi kuzaa kumi. Hata hivyo wale akina bibi hawakuwa wajinga. Walijua kwamba Kurani imetaja miaka miwili ya kunyonyesha, na wengi wao waliishika, wakapata kupumzika kati ya mtoto na mtoto.

Nchi nzima ilikuwa hivyo. Uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane, na hicho kilikuwa mojawapo ya viwango vya juu kabisa ulimwenguni. Na hali serikali ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa uzazi tangu mwaka 1967, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Huku kwetu wengi waliusikia redioni wakautilia shaka. Barazani nilisikia ikisemwa ati ni hila ya kuwapunguza Waislamu.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1989 wastani ule ulikuwa umeshuka kufikia karibu watoto saba, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3.4. Uchunguzi huo huo ulikadiria kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni wengi, na kila mmoja ni msiba wa watu, lakini si kama alivyozika nyanya yangu. Vijana wa leo hawazai kwa hofu ile ya makaburi, na kwa hivyo wamepata muda wa kuuliza swali ambalo wazee wetu hawakuliuliza. Hatuwezi kulifuta kwa kulipigia kelele.

Kombe na hirizi

Nilioa mwaka 1983, nikifanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini. Mke wangu ni binti wa Lamu, mtulivu, mwenye kisomo. Mwaka wa kwanza watu walituuliza "Bado?" wakicheka, nasi tukicheka. Mwaka wa pili walituuliza kwa macho. Mwaka wa tatu mimi waliacha kuniuliza kabisa. Wakamuuliza yeye.

Msomaji ajua kwamba mwanamke wa kwetu huitwa kwa mwanawe. Ukienda harusini au matangani utasikia Mama Fulani, Mama Fulani, na kila mmoja ana lake. Mke wangu aliitwa kwa jina langu, "mke wa fulani", kama mgeni aliyefika jana. Siku moja alikwenda kwenye arubaini ya jirani. Alipotaka kumpakata mtoto, bibi mmoja alimwahi akamchukua, akisema kwamba mtoto ana usingizi. Mtoto alikuwa macho. Mke wangu alirudi mapema siku ile, akaenda jikoni akakuna nazi, na hali chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa.

Alitumia dawa zote zinazojulikana. Maalim alimwandikia kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi akalinywa siku saba, kisha siku saba nyingine. Hapo hapana ubaya, kwani ni maneno ya Mola na dua. Lakini baadaye akina mama walimpeleka kwa waganga. Mmoja alimpa mafusho na hirizi. Mwingine alisema ana shetani anayemfunga tumbo, akadai mbuzi mweusi na fedha. Nilizitoa, na roho yangu haikuniuma, kwa sababu kila shilingi niliyotoa ilinithibitishia kwamba kasoro iko kwake.

Hospitali alikwenda mara tatu. Mara zote tatu alipimwa akaambiwa hana neno, na mara zote tatu alirudi na swali la daktari: "Mume wako yuko wapi?" Mimi nikamjibu, "Mimi mzima." Nilidhani, kama wadhanivyo wanaume wengi hadi leo, kwamba mtu akiwa na nguvu za kiume basi na mbegu zipo. Kumbe hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Sharti moja

Mwaka 1990 mama yangu alinitafutia mchumba Malindi. Alinikalisha chumbani akasema, "Nataka nione mjukuu wako kabla sijafa. Huyu tumemtibu, tumechoka. Wewe ni kijana, na sheria imekupa nafasi." Mke wangu alikuwa jikoni na aliyasikia yote.

Usiku aliniambia hivi: "Sikukatazi. Lakini nina sharti moja. Kabla hujaingia nyumba ya watu, nenda nawe ukapimwe. Usije ukamtia mtoto wa watu katika dhiki hii yangu."

Nilikwenda kwa hasira, nikitaka kumwonyesha. Daktari alinipima, kisha akanipima mara ya pili baada ya majuma kadhaa. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Nikakumbuka. Ilikuwa mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba. Mashavu yalivimba, kisha baada ya siku chache na korodani zikavimba, nikalala kitandani siku kumi nikiungua na homa. Daktari akanieleza kwamba wengi hupona ugonjwa huo bila ya athari yoyote, lakini baadhi ya wanaume wakiupata baada ya kubalehe, ukashuka chini pande zote mbili, hupotewa na mbegu. "Nguvu unazo," aliniambia, "mbegu huna."

Zamani zile tulikuwa tumekwisha kusikia habari ya mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama, Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa mwaka 1980 kwamba njia hiyo yafaa ikiwa mbegu ni za mume na yai ni la mkewe, nao wamo katika ndoa, pasiingie mtu wa tatu. Kwangu mlango huo ulikuwa umefungwa.

Ile karatasi ya hospitali niliificha chini ya sanduku la nguo. Mke wangu aliponiuliza, nilisema, "Daktari asema tuvute subira." Kwa mama nilisema kwamba siwezi gharama ya nyumba mbili. Mama hakusadiki. Aliamini kwamba mke wangu amenilisha kitu. Basi mwanamke yule akawa na makosa mawili badala ya moja: ni tasa, tena ni mchawi. Nami nilikuwa nikiyasikia hayo, nikila chakula chake, nikinyamaza. Nilinyamaza miezi mitano.

Ilipofika Ramadhani ya mwaka 1991, usiku mmoja nilirudi kutoka tarawehe nikamkuta ameshika kombe jipya. Alikuwa ametia nia ya kulinywa katika mwezi mtukufu, huenda Mola akajibu. Nilimshika mkono, nikafungua sanduku nikampa karatasi.

Nilidhani atalia au atapiga kelele. Hakufanya hata moja. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Kisha akachukua kombe lake akalinywa lote. Akasema, "Haya ni maneno ya Mola. Siyamwagi kwa sababu yako." Baada ya kitambo akauliza, "Mama yako utamwambia lini?"

Nilisema nitamwambia. Sikumwambia. Kila mwezi niliona haya zaidi ya mwezi uliopita. Mama aliugua miaka miwili, na aliyemwogesha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani alikuwa ni yule yule aliyemwita tasa. Alifariki mwaka 2004 akiniusia nioe nipate mtoto. Mke wangu alikuwa amesimama kando na bilauri ya maji. Angeweza kwenda kwa Kadhi akaomba kuachana nami. Angeweza siku moja tu ya ugomvi kulitamka lile neno. Hakulitamka. Alinisitiri miaka yote hiyo, na mimi sikumsitiri hata siku moja.

Mwana wa dada

Hapo katikati Mwenyezi Mungu alitupa faraja. Dada yangu alijifungua binti wa nne mwaka 1993. Alipomwachisha ziwa, mwaka 1995, alimleta kwetu mwenyewe akasema, "Huyu ni wenu mumlee." Kwa watu wa mwambao hilo si jambo geni. Nyumba nyingi zina mtoto wa kulelewa, naye ana mama wawili na hakuna anayeona ajabu.

Wazee walituelekeza vizuri. Mtoto hakubadilishwa jina la babake, kwani Surat Al-Ahzab imeamuru watoto wa kulea wanasibishwe na baba zao waliowazaa. Kwangu mimi hapakuwa na taabu ya sitara, maana mjomba ni maharimu wake. Na kwa kuwa hana fungu katika mirathi yangu, nimemwandikia wasia ndani ya ile theluthi ambayo sheria yetu imeruhusu.

Mke wangu alipata jina. Mara ya kwanza jirani alipomwita mama kwa jina la mtoto yule, tulikuwa mlangoni tukitoka. Aliitika, kisha akasimama kidogo kama aliyesahau kitu ndani. Baadaye sheikh mmoja alitukumbusha kwamba Bibi Aisha, mama wa waumini, hakujaliwa kuzaa, na Mtume (S.A.W.) alimpa jina la Umm Abdillah kwa mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubayr. Nilitamani mama yangu angekuwako ayasikie maneno yale.

Ndipo nilipojua maana ya usemi kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Homa za usiku wa manane, chuo asubuhi na shule mchana, viatu vinavyokuwa vidogo kila baada ya miezi sita, ukaidi wa miaka kumi na minne. Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, mke wangu aliuza bangili zake nne za dhahabu. Mimi nilijua baadaye.

Kwa wasio na mtoto wa ndugu wa kumlea, ni vyema wajue kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafaalah, yaani malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu bila ya kuibadili nasaba yake. Na waanze kwa kumwuliza sheikh mambo ya nasaba, sitara na wasia, ili wasije wakaharibu kwa nia njema.

Jibu la binti

Nilipomwita binti, baada ya ile ziara ya akina mama watatu, nilitaka aje peke yake. Akaja, akakaa mkekani karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni. Nikamweleza nilivyoambiwa.

"Mjomba," akasema, "mimi si mgonjwa. Tumengoja kwa hiari yetu wawili. Na kusema kweli, bado sijajua kama nataka kuzaa."

Nakiri kwamba moyo wangu ulishtuka. Mimi niliyekesha miaka nikitamani mtoto, naye aliye na uwezo asema hajui! Lakini nilijizuia nikamwacha aseme. Kazi yake ni katika chumba cha kuzalia. Ameona mamia ya watoto wakija ulimwenguni kwa salama, na ameona mengine. Aliniambia habari ya mama aliyemshika kidole akimwomba asimwache, na kile kidole kikaachiwa kabla ya alfajiri. Mimi najua kwamba uchunguzi wa mwaka 2014 ulikadiria akina mama 362 waliokufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika nchi yetu. Yeye hesabu hizo anazijua kwa sura zao.

Tena kuna kodi ya nyumba, ada ya shule, na zamu zake za usiku. Mumewe yajua haya yote na wamekubaliana. Lakini hathubutu kumwambia mama yake, na kila Ijumaa wakienda kula kwao, lawama humwangukia mke.

Hapo ndipo nilipojiona mimi. Kijana yule hakufanya dhambi kubwa. Alinyamaza tu, kama nilivyonyamaza mimi.

Dini yasemaje

Kabla sijampa neno, nilirudi kwa masheikh na vitabu. Hapana shaka kwamba dini yetu yapenda uzazi, na Mtume amewahimiza watu kuoa wanawake wenye mapenzi na wenye kuzaa. Watoto ni pambo na ni amana. Na Kurani imekataza vikali kuwaua watoto kwa kuogopa umasikini, kwani mwenye kuwaruzuku ni Mola.

Lakini kumzuia mtoto asitungwe si sawa na kumuua. Sahaba Jabir amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, na hali Kurani ilikuwa ikiteremshwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili azl katika kitabu chake cha Ihya, akaihalalisha, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kuhifadhi uhai wa mke kutokana na hatari ya uzazi, na kuogopa mashaka yanayoletwa na wingi wa watoto. Wanavyuoni wengi wameongeza sharti kwamba mke aridhie. Kwa kipimo hicho wengi wao wameruhusu dawa za siku hizi za kuweka nafasi, maadamu hazidhuru, lakini wamekataza kufunga uzazi moja kwa moja pasipo dharura.

Ama kuishi katika ndoa bila ya kutaka mtoto kabisa, hilo wengi hawalipendi, nami sikumficha binti yangu. Nilimwambia pia kwamba hofu si uamuzi. Mtu akiogopa bahari hukaa pwani, lakini asiseme kwamba ameamua kutosafiri. Basi aitibu hofu kwanza, aseme na wakubwa wake wa kazi na mwanamke mwenye elimu, kisha yeye na mumewe waamue, na wamshirikishe Mola kwa sala ya istikhara. Na watakaloamua, waliseme kwa kinywa cha wawili.

Na jambo moja tena lisahauliwe na yeyote. Surat Ash-Shura imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wana wa kike, akampa amtakaye wana wa kiume, akamchanganyia amtakaye, na akamfanya amtakaye kuwa mgumba. Aya haikusema mke. Imesema amtakaye.

Kwa mkwe

Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu, nikamwambia mke wangu nakwenda kwa mkwe. Akaniuliza nitasema nini. Nikamjibu, "Nitasema lile ambalo sikumwambia mama." Hakusema neno. Aliniletea kofia yangu.

Nilimkuta mkwe na dada yake, na yule kijana mwenyewe nilikuwa nimemwomba awepo. Nikawahadithia yote, tangu matubwitubwi hadi karatasi ya sandukuni, hadi mama alivyokufa hajui. Sauti yangu ilikatika mara mbili. Mtu mzima wa miaka yangu kutamka mbele ya wakwe kwamba hana mbegu si jambo dogo katika mji huu. Nilipomaliza, kulikuwa kimya mpaka tukasikia mtu akipita njiani na mkokoteni wa maji.

Yule kijana ndiye aliyevunja kimya. Akasema, "Mama, tulioamua kungoja ni sisi wawili. Na mimi ndimi niliyeogopa kukwambia. Yeye hana kosa." Mama yake alimtazama muda mrefu. Hakukasirika, wala hakufurahi. Akasema tu, "Miaka yote hii wanionyesha kwamba ni yeye?" Kisha akainuka akaenda ndani.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yamekwisha. Mkwe bado atamani mjukuu, na ana haki ya kutamani. Binti yangu, hadi ninapoandika haya, hajaamua. Lakini habari ya mke wa pili haijatajwa tena, na mazungumzo ya nyumba ile sasa yako baina ya wenye nyumba.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani mwake. Hesabu basi nyumba za mtaa wako. Wewe unayeuliza "Bado?" mlangoni mwa msikiti au katika shughuli, hujui umegusa kidonda gani. Huenda wamezika mimba tatu. Huenda wamengoja kwa hiari. Huenda mume ana karatasi chini ya sanduku. Na ninyi wanaume mliooa mwaka mmoja au zaidi mkitafuta mtoto na hamjapata, nendeni mkapimwe pamoja na wake zenu, siku moja, mlango mmoja.

Juzi mke wangu alirudi kutoka maulidini akicheka. Alisema kuna bibi aliyemsogelea mkwe wetu akamnong'oneza, "Na mkaza mwanao, bado?"

Mkwe akamgeukia akamjibu, "Bado nini?"